Nani Mtunzaji wa Maana? Historia ya Lugha za Mawasiliano ya Mawakala wa Kompyuta Tangu 1990

1.0 Utangulizi

Tarehe 23 Septemba 1999, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilifika kwenye sayari ya Mirihi baada ya safari ya zaidi ya miezi tisa, kikapita nyuma ya sayari hiyo, na hakikusikika tena. Bodi ya uchunguzi iliyoundwa na NASA ilitoa taarifa yake mwezi Novemba mwaka huohuo. Programu moja iliyotumika ardhini ilitoa takwimu za msukumo wa injini kwa vipimo vya Kiingereza vya pauni, ilhali programu iliyozipokea ilizisoma kana kwamba ni nyutoni. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ni takriban mara 4.45, na kwa safari ya mamilioni ya kilomita tofauti hiyo ilitosha kukishusha chombo ndani ya angahewa ambayo hakikuundwa kuihimili.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kichekesho cha wataalamu waliosahau kubadili vipimo. Taarifa ya bodi, hata hivyo, inaonesha jambo zito zaidi. Hati ya makubaliano baina ya programu hizo mbili ilikuwapo, na ilitaja vipimo vya metriki waziwazi. Aidha, waongozaji wa chombo walikuwa wameona wakati wa safari kwamba takwimu hazikulingana, lakini wasiwasi wao haukupitia utaratibu rasmi wa kuripoti hitilafu. Kwa maneno mengine, maana ya pamoja ilikuwa imekwisha kuandikwa. Kilichokosekana ni mtunzaji wake.

Makala haya yanachunguza historia ya juhudi za kuziwezesha programu za kompyuta kuelewana, hususani programu zinazoitwa mawakala wenye akili. Wakala, kwa maana inayotumika hapa, ni programu inayotenda kwa niaba ya mtu au ya programu nyingine, ikiwa na kiasi fulani cha uhuru wa kuamua hatua za kufuata. Ni vyema kutaja mapema kwamba neno la Kiswahili lina uzito ambao maandishi mengi ya taaluma hii hayakuupa nafasi. Katika biashara ya pwani, katika sheria, na leo katika vibanda vya fedha za simu, wakala ni mtu aliyekabidhiwa dhamana: ana aliyemtuma, ana mipaka ya alichotumwa, na huulizwa akikosea. Maandishi ya akili unde ya miaka ya 1990 yalisisitiza zaidi uhuru wa wakala. Suala la dhamana lilichelewa kuingia, na kuchelewa huko ndiko kiini cha makala haya.

Historia hii kwa kawaida huelezwa kama historia ya mantiki: lugha gani ya kimantiki ilikuwa na nguvu ya kutosha, ipi ilishindwa, na kwa nini. Hoja ya makala haya ni tofauti. Inadaiwa hapa kwamba swali lililoamua hatima ya kila mradi halikuwa jinsi ya kuifafanua maana, bali ni nani angeitunza baada ya kufafanuliwa, na kwa nyenzo gani za kumwajibisha anayeikiuka.

2.0 Akili Moja Kubwa

Njia ya kwanza ya kuepuka tatizo la kuelewana ni kuweka maarifa yote mahali pamoja. Mwaka 1984, katika taasisi ya MCC mjini Austin, Texas, Douglas Lenat alianzisha mradi wa Cyc kwa lengo la kuandika, sentensi kwa sentensi, maarifa ya kawaida ambayo binadamu huyachukulia kuwa hayahitaji kusemwa: kwamba maji hulowesha, kwamba mtu hawezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, kwamba aliyefariki hanunui bidhaa. Kompyuta zote zikichota katika kisima hicho kimoja, ilitumainiwa, zingeelewana bila kuhitaji mkalimani.

Ugumu uliojitokeza una umuhimu kwa hoja yetu. Kadiri maarifa yalivyoongezeka, sentensi zilianza kupingana. Lililo kweli katika fizikia ya shuleni si kweli katika fizikia ya chembe ndogo. Lililo kweli katika hadithi si kweli mahakamani. Mmoja wa viongozi wa mradi, R. V. Guha, aliandika tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1991 juu ya tatizo hilihili la muktadha, na Cyc ikagawanywa katika nadharia ndogondogo ambazo kila moja ilitakiwa kuwiana ndani yake yenyewe tu. Hata ndani ya akili moja, basi, ilibidi pawe na mipaka ya nani anasema nini na wapi. Msomaji alikumbuke jina la Guha, kwani litarejea.

3.0 Bahasha na Barua

Njia ya pili ilianza takriban mwaka 1990, wakati wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, DARPA, alipofadhili mpango ujulikanao kama Juhudi ya Kugawana Maarifa. Makala ya Neches na wenzake (1991) katika jarida la AI Magazine ndiyo waraka wake wa msingi. Waandishi hao walilalamika kwamba kila mfumo wa maarifa ulijengwa upya kuanzia sifuri, na wakapendekeza kazi igawanywe. Kundi moja lingetengeneza lugha ya kati ya kubadilishana maarifa. Hii ikawa KIF, iliyoandaliwa Stanford na Michael Genesereth na Richard Fikes. Kundi jingine lingetengeneza misamiati ya pamoja iliyofafanuliwa rasmi, ambayo ilipewa jina la kifalsafa la ontolojia. Kundi la tatu lingetengeneza lugha ya mazungumzo yenyewe, na hiyo ikawa KQML, inayohusishwa zaidi na Tim Finin wa Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County.

Mgawanyo huu ulikuwa wa busara, na taswira ya barua inausaidia kueleweka. KQML ilikuwa bahasha. Juu yake iliandikwa nani ametuma, nani apokee, na tendo linalofanywa: kuuliza, kuarifu, kujiandikisha kupata habari, kutangaza huduma, kuomba kutafutiwa mtoa huduma. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua, iliyoweza kuandikwa kwa KIF au kwa lugha nyingine yoyote. Kwenye bahasha hiyohiyo palikuwa na nafasi ya kutaja ontolojia, yaani kamusi ambayo msomaji alipaswa kuifungua ili ayaelewe maneno ya barua.

Wazo la kuorodhesha matendo lilitoka nje ya sayansi ya kompyuta. J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955 na kuchapishwa mwaka 1962, alionesha kwamba kusema ni kutenda: asemaye "naahidi" haelezi ahadi, anaitoa. John Searle aliiendeleza nadharia hiyo ya tendo-uneni mwaka 1969. Wanafunzi wa isimu katika vyuo vyetu huisoma katika kozi za pragmatiki, na huenda wakashangaa kuikuta ndani ya programu za kompyuta. Lakini Austin alikuwa amesisitiza pia kwamba tendo-uneni hufaulu pale tu taratibu za kijamii zinapolibeba. Atamkaye maneno ya ndoa bila kuwa na mamlaka ya kuozesha hajaozesha mtu. Sehemu hii ya nadharia haikusafiri pamoja na orodha ya vitenzi.

Kuhusu ontolojia, maandishi yaliyonukuliwa kuliko yote ni ya Thomas Gruber (1993), aliyeieleza kuwa ni ubainishaji wa wazi wa namna fulani ya kuudhania ulimwengu. Fasili hiyo hurudiwa katika tasnifu nyingi mno, mara nyingi bila kutaja neno jingine ambalo Gruber alilitumia katika maandishi hayohayo: ahadi ya kiontolojia. Kwa Gruber, mawakala hawakutakiwa kuwa na maarifa sawa. Walitakiwa kukubali kuutumia msamiati wa pamoja kwa namna isiyopingana. Ontolojia, kwa usomaji huu, ni mkataba kabla ya kuwa kamusi.

Mikataba huhitaji mashahidi, na hapa ndipo KQML ilipopwaya. Nafasi ya ontolojia kwenye bahasha ilibeba jina tu. Orodha ya vitenzi nayo iliachwa wazi, kila maabara ikiongeza vyake na kuvitafsiri ilivyoona inafaa, hata zikatokea lahaja za KQML zisizosikilizana. Philip Cohen na Hector Levesque (1995) waliikosoa kwamba vitenzi vyake havikuwa na maana iliyofafanuliwa barabara. Walibaini pia pengo ambalo mtumiaji wa Kiswahili angeliona mapema: kati ya vitenzi vyote hivyo, hapakuwa na cha kuahidi. Lugha iliyotungwa kwa ajili ya watumwa wa kazi za watu ilijua kuuliza, kujibu na kutangaza, lakini haikujua kujifunga.

4.0 Imani, Nia na Ushahidi

Jibu la ukosoaji huo lilitoka Ulaya kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1996 iliundwa nchini Uswisi taasisi ya viwango iitwayo FIPA, kwa uongozi wa Leonardo Chiariglione, mhandisi Mwitalia ambaye tayari alikuwa na jina kubwa katika viwango vya video vya MPEG. Makampuni ya simu yalikuwa na sauti kubwa ndani yake, na ni rahisi kuona sababu: mtandao wa simu ni mahali ambapo mitambo ya makampuni yanayoshindana hulazimika kuelewana kila sekunde.

FIPA iliorodhesha matendo ya mawasiliano 22, na safari hii kila tendo lilipewa maana ya kimantiki. Msingi wake ulikuwa kazi ya David Sadek na wenzake katika France Télécom. Chukua tendo la kuarifu. Ili wakala aarifu kihalali kwamba jambo fulani ni kweli, sharti yeye mwenyewe aliamini jambo hilo. Sharti awe na nia kwamba msikilizaji naye aliamini. Na asiwe na imani kwamba msikilizaji tayari ana msimamo kulihusu. Huu ni ufafanuzi mzuri kwa kweli. Mwanaisimu yeyote angeridhika nao kama maelezo ya mtu mkweli anayezungumza na mwenzake.

Tatizo ni kwamba imani na nia zimo ndani. Wakala wa kampuni moja akipokea ujumbe wa "kuarifu" kutoka kwa wakala wa kampuni nyingine, hana dirisha la kuchungulia ndani ya programu ya mwenzake kuona kama kweli inaamini kile inachokisema. Na ndani ya programu nyingi hakuna kitu kinachostahili kuitwa imani. Mna vigeu na majedwali tu. Mwaka 1998 ukosoaji huo ulitolewa kutoka pande mbili. Michael Wooldridge aliuliza jinsi maana ya namna hiyo inavyoweza kuthibitishwa, akaonesha kwamba pasipo njia ya kuupima utekelezaji dhidi ya ufafanuzi, kiwango hakina meno. Munindar Singh, katika jarida la Computer la mwezi Desemba, alikwenda mbali zaidi: lugha ya mawasiliano, alidai, ni jambo la kijamii, na maana ya tendo lazima itafutwe katika wajibu linaoujenga hadharani kati ya pande mbili, si katika yaliyofichika ndani ya upande mmoja.

Makala haya yanaichukulia hoja ya Singh kuwa ndiyo kilele cha kifikra cha kipindi hiki, ingawa haikubadili viwango vilivyokuwa vikiandikwa wakati ule. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hoja hiyo si ngeni. Kadhi aliyeletewa shauri la mauzo haipimi nia iliyomo moyoni. Husikiliza lililotamkwa na lililoshuhudiwa. Msemo kwamba ahadi ni deni unafanya kazi ileile ambayo Singh aliifanya kwa alama za kimantiki: unaihamisha ahadi kutoka moyoni mwa mtoaji na kuiweka kwenye daftari ambalo wengine wanaweza kulisoma na kulidai.

Historia ya matumizi inaiunga mkono. Kilichodumu katika FIPA si maana za kiimani, bali ni itifaki, yaani mpangilio wa nani aseme nini baada ya nani. Itifaki iliyotumika sana ilitokana na kazi ya Reid Smith (1980), ambayo ni zabuni kwa jina jingine: wakala mmoja hutangaza kazi, wengine huleta maombi au hukataa, mmoja hukubaliwa, naye huarifu matokeo. Hapa hakuna haja ya kujua mwombaji anaamini nini. Kinachoonekana kwa wote ni kwamba ameomba na amekubaliwa, kwa hiyo anadaiwa kazi. Programu huria ya JADE, iliyotengenezwa katika maabara ya CSELT mjini Turin, iliyasambaza matendo na itifaki hizo katika vyuo vingi duniani kuanzia mwaka 2000. Watayarishaji wa programu walilitumia neno la "kuarifu" kama lebo juu ya ujumbe. Masharti ya imani yaliyoambatana nalo yalibaki kwenye kurasa za kiwango. Mwaka 2005 FIPA iliingizwa chini ya chama cha kompyuta cha IEEE, wakati ambapo msisimko wa taaluma ulikwisha kuhamia kwenye wavuti.

5.0 Wavuti wa Maana

Mwezi Mei 2001, Tim Berners-Lee, James Hendler na Ora Lassila walichapisha katika Scientific American makala yaliyoufanya Wavuti wa Maana ujulikane kwa umma. Yanaanza na hadithi ya ndugu wawili, Pete na Lucy, ambao mama yao anahitaji tiba ya viungo. Mawakala wao wanatafuta watoa huduma walio karibu na nyumbani na wanaokubaliwa na bima, kisha wanapatanisha ratiba. Kiwango cha RDF kilikuwa kimekwisha kupitishwa mwaka 1999, na miongoni mwa waliochangia mawazo yake ya awali alikuwamo Guha, aliyekuwa ameondoka Cyc. Lugha ya ontolojia ya OWL ilipitishwa Februari 2004.

Tofauti na FIPA, hapa palikuwa na imani kubwa kwamba mtunzaji hahitajiki. Mtu yeyote angechapisha ontolojia yake, na pale ambapo neno la huyu lilikuwa sawa na neno la yule, mtu wa tatu angeandika sentensi ya kuyalinganisha. Mwaka huohuo wa 2001 Cory Doctorow aliandika insha ya dhihaka akikumbusha kwamba watu huongopa, huwa wavivu, na hawajijui vizuri wanapojieleza. Haikuwa hoja ya kitaaluma, lakini ilizeeka vizuri kuliko hoja nyingi za kitaaluma za wakati wake. Miaka mitano baadaye Shadbolt, Hall na Berners-Lee (2006) wenyewe walikiri kwamba wazo hilo kwa sehemu kubwa lilikuwa bado halijatimia.

Lililotimia lilikuwa dogo na la kibiashara. Mwezi Juni 2011 Google, Microsoft na Yahoo zilitangaza schema.org, msamiati mmoja wa pamoja wa kueleza bidhaa, matukio, mapishi, watu na mahali. Kampuni ya Urusi ya Yandex ilijiunga baadaye mwaka huo. Guha alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Mtu aliyeanza na akili moja kubwa, akapita kwenye wavuti usio na mwenyewe, aliishia kwenye orodha ya maneno yenye walinzi. Mwenye tovuti aliyeeleza bidhaa zake kwa msamiati huo alionekana vizuri zaidi katika matokeo ya utafutaji. Aliyedanganya aliweza kuondolewa. Ontolojia za OWL zilikuwa na mantiki yenye nguvu zaidi kuliko schema.org. Schema.org ilikuwa na kitu ambacho zenyewe hazikuwa nacho, nacho ni uwezo wa kuzawadia na kuadhibu. Kwamba uwezo huo umo mikononi mwa makampuni machache ni suala la kisiasa ambalo watafiti wa ontolojia wamelikwepa kwa muda mrefu, na mwandishi haoni sababu ya kuendelea kulikwepa.

6.0 Eldoret: Mtunzaji wa Namba 5089

Mfano wa mwisho si wa mawakala kwa maana finyu, bali wa msingi ambao wakala yeyote wa afya angelazimika kusimama juu yake. Unaonesha pia kwamba historia hii haikutendeka Marekani na Ulaya pekee.

Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, magharibi mwa Kenya, kilianza kutumia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Ushirikiano huo, chini ya mpango wa AMPATH, ulipoanza kuwahudumia wagonjwa wengi wa virusi vya UKIMWI, mfumo wa awali ulielemewa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief walifika Eldoret, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa OpenMRS, programu huria iliyoanza kutumika huko Februari 2006, na mwaka huohuo ikapelekwa Rwinkwavu nchini Rwanda.

Kiini cha OpenMRS ni kamusi ya dhana, wazo lililorithiwa kutoka mfumo wa Regenstrief ulioanza mwaka 1972. Badala ya kujenga hifadhidata yenye safu ya uzito, safu ya urefu na safu ya kila kipimo, kila jambo linaloweza kusemwa kumhusu mgonjwa hupewa dhana yake, na kila dhana namba yake. Dhana 5089 ni uzito wa mwili kwa kilo. Dhana 5090 ni urefu kwa sentimita. Dhana inaweza kuwa na majina mengi na katika lugha nyingi, lakini namba inabaki ileile, na kipimo kimefungwa ndani ya dhana yenyewe. Mtu hawezi kuandika pauni chini ya 5089 bila kusema uongo. Mars Climate Orbiter iliangamia kwa kukosa kifungo cha namna hiyo.

Kifungo hakikutosha peke yake. Katika miaka ya mwanzo matabibu wa AMPATH walijaza fomu za karatasi, na makarani wakaingiza majibu kwenye kompyuta. Palipojitokeza jibu lisilo na dhana, mfumo uliruhusu kupendekeza dhana mpya, na pendekezo lilisubiri mtu mwenye jukumu la kamusi alipime: je, dhana hii ipo tayari kwa jina jingine? Je, ni dhana moja au mbili zilizoshikamana? Kazi hii haina mvuto wa mantiki ya imani na nia. Ni kazi ya mhariri wa kamusi, ya kila siku na isiyoisha.

Programu ilipoenea katika nchi nyingine, udhaifu wake nao ulienea. Kwa kuwa kila hospitali iliweza kuunda dhana zake, hospitali mbili zenye programu ileile ziliweza kutumia namba tofauti kwa ugonjwa uleule. Kushiriki programu hakukuwa kushiriki maana. Kutokana na hali hiyo kamusi ya pamoja iitwayo CIEL, inayosimamiwa na Andrew Kanter wa Chuo Kikuu cha Columbia, ilipata uzito mkubwa: inatunza dhana zilizohakikiwa na kuziunganisha na misimbo ya kimataifa kama ICD-10, SNOMED CT na LOINC. Namba 5089 imo humo pia.

Usimamizi wa mbali una gharama yake, na mahali rahisi pa kuiona ni safu ya ndugu wa karibu wa mgonjwa. Viwango vya HL7 vina msimbo wa mjomba na msimbo mwingine wa ndugu wa kiume wa baba. Vinaishia hapo. Kwa familia inayozungumza Kiswahili, baba mkubwa na baba mdogo hawalingani mbele ya uamuzi wa matibabu, hasa baba mzazi akiwa hayupo, na muuguzi anayeijaza fomu anajua hivyo hata kama fomu haijui. Taarifa hupita kutoka mashine hadi mashine bila kosa lolote, na anayetakiwa kupigiwa simu kwanza hupotea njiani.

7.0 Mawakala Wanaozungumza

Mwezi Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitangaza itifaki ya MCP ya kuunganisha mifumo mikubwa ya lugha na zana za nje, na mwezi Aprili 2025 Google ikatangaza itifaki ya mawasiliano baina ya mawakala iitwayo A2A. Katika A2A wakala hujitambulisha kwa kadi inayoeleza ujuzi wake. Muundo wa kadi ni rasmi, lakini maelezo ya ujuzi ni sentensi za lugha ya kawaida, zinazosomwa na wakala mwingine ambaye naye ni mfumo wa lugha. Ubishani uliodumu tangu KQML juu ya namna ya kuandika maana kwa mantiki umewekwa kando: bahasha imerudi, na barua sasa imeandikwa kama watu wanavyoandika.

Hoja ya Singh, kwa hiyo, inarudi ikiwa na nguvu zaidi. Ndani ya mifumo hii hakuna jedwali la imani linaloweza kukaguliwa hata na waliouunda. Kinachoweza kukaguliwa ni kile wakala alichosema, alichokubali, na alichotenda baadaye. Utafiti juu ya daftari la namna hiyo, na juu ya nani awe na haki ya kulisoma, ni mdogo ukilinganishwa na utafiti wa kuongeza uwezo wa mawakala wenyewe.

Lugha ya kawaida nayo huja na mitego yake. Mwandishi aliwahi kupokea kwenye simu ujumbe wa kukumbushwa miadi ya kliniki, ulioandikwa kwa Kiswahili sanifu na mfumo wa kujiendesha: afike siku fulani saa 8:00. Alifika saa nane mchana. Miadi ilikuwa saa mbili asubuhi. Ndani ya mfumo, 08:00 iliandikwa sawasawa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1988, na kila programu iliyoipokea iliielewa vilevile. Tarakimu zilipita salama hadi kwenye sentensi ya mwisho, ambako zilikutana na saa inayoanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Mhudumu wa mapokezi hakushangaa. Alisema mwandishi alikuwa mtu wa tatu wiki hiyo. Alimpangia siku nyingine, akachapa kikaratasi, kisha akachukua kalamu, akafuta 8:00 na kuandika kando yake, kwa herufi kubwa, saa mbili asubuhi.